Mfuko Mmoja wa Mchanga

Mara ya mwisho ulipomwambia fundi ukweli ni lini?

Usimtazame jirani, nakuuliza wewe. Wewe uliyepeleka simu inanukia supu ukasema, "Imezima yenyewe." Na wewe mama uliyemrudishia mshonaji gauni ukidai amelibana, wakati gauni halijabadilika hata inchi moja, aliyebadilika ni mwingine. Mnacheka. Chekeni tu, maana mfano wa leo unamhusu mtu mwingine kabisa. Nadhani.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa jiografia, kijana, bado hajaoa, akanunua gari la spoti. Jekundu, milango miwili, viti vya nyuma vya kukaa umekunja magoti mpaka kidevuni. Halikumtosha lilivyo. Akafunga springi fupi, gari likashuka chini hadi kila tuta la barabarani likawa linalikuna tumbo.

Sasa, gari likishushwa, magurudumu hayasimami tena kama yalivyosimama. Lazima yapangwe upya. Mwalimu akateremka mpaka Ipogolo, kwenye gereji ya fundi mmoja, mama wa makamo, ambaye vijana wa magari walimwita Mama Alaimenti kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo tu, kunyoosha magurudumu.

Mama huyu alikuwa na utaratibu. Kabla hajagusa spana anakuuliza maswali matatu: Unaliendesha wapi? Unambeba nani? Unakwenda mwendo gani? Ukishajibu, anaweka mifuko ya mchanga kwenye viti, kila kiti uzito wa mtu atakayekikalia. Hapo ndipo anapima. "Gari tupu," alikuwa akisema, "halina ukweli wowote."

Utaratibu mzuri. Tatizo lilikuwa benchi. Pale gereji palikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa vijana wenye magari kama lake, wanakunywa soda na kusikiliza majibu ya watu.

"Kamwene, mwanangu," fundi akamsalimu. "Hili unaliendesha wapi?"

Mwalimu akatupa jicho benchi. "Milimani, mama. Kwenye kona. Jumamosi tunashindana."

"Aisee!" benchi likaitikia.

"Unambeba nani?"

"Mimi? Peke yangu. Gari la mbio halibebi abiria."

"Mwendo?"

"Mia na sitini, mama. Barabara ikiruhusu."

"Huyu ndiye mwanaume!" akasema mmoja, akamsogezea nafasi akae.

Basi fundi akaweka mfuko mmoja wa mchanga, kiti cha dereva. Akayapanga magurudumu ya mtu wa mbio: yakatanua miguu kama mtu mwenye kiburi, juu yameingia ndani, chini yametoka nje, na yale ya mbele yakatazama pembeni kidogo kama nyayo za bata. Kwenye kona za kasi, gurudumu la namna hiyo hulala sawasawa na kuishika lami. Kwenye barabara iliyonyooka, linatembelea ukingo wake wa ndani. Mama akamweleza hayo yote. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa kwenye rali.

Wapendwa, ukweli wa mwalimu yule nitausema mimi, maana yeye hakuusema. Gari lile lilikwenda sehemu mbili: shuleni na kanisani. Mazoezi ya kwaya mara tatu kwa wiki, na ndani yake mama watatu wa sauti ya pili, wale ambao Mungu hakuwabania mwili wala sauti. Kinanda kwenye buti. Mwendo? Mama mmoja aliwahi kumwambia, "Mwanangu, mbona baiskeli imetupita?"

Miezi miwili haikuisha. Ijumaa moja mwalimu akarudi gereji na hasira. Kesho yake alikuwa anawapeleka mama wale watatu Morogoro kwenye tamasha la kwaya, wanateremka Kitonga. Mnaijua Kitonga. Ukuta wa mlima huku, bonde huku, na malori yanapumua nyuma yako.

"Mama, umeniharibia gari!" akasema, na benchi limejaa kama kawaida. "Linavuta kushoto, linavuta kulia. Na kesho nina safari."

Fundi akaliinua kwa jeki, akapima. Kisha akamwita. "Hebu njoo uchuchumae hapa. Pitisha mkono upande wa ndani wa tairi. Polepole."

Kwa nje tairi lilikuwa jipya, linang'aa, maana mwalimu alilipaka dawa ya kung'arisha kila Jumapili. Akapitisha mkono nyuma yake, akaurudisha haraka. Kidole kinatoka damu. Mpira umeliwa wote, nyaya zimetokeza.

"Magurudumu yako kama nilivyoyaacha," fundi akasema. "Nilimpangia yule mtu uliyenieleza. Mtu huyo hajawahi kuliendesha gari hili hata siku moja."

"Labda tairi ni feki, mama."

"Nitakufungia mapya. Lakini nikiyapanga kwa maneno yaleyale, yataliwa vilevile, na siku moja yatapasuka ukiwa na watu ndani. Kwa hiyo nakuuliza tena." Akaketi juu ya rundo la mifuko ya mchanga. "Unaliendesha wapi? Unambeba nani? Mwendo gani?"

Tumwache amechuchumaa hapo kidogo, tujitazame sisi.

Sisi ni watu wa kung'arisha upande wa nje. Mchungaji akikuuliza mlangoni, "Hujambo?" unamjibu, "Sijambo, tunamshukuru Mungu," na nyaya zimetokeza. Na tukipiga magoti ni palepale: tunamweleza Mungu safari za mtu mwingine. "Bwana, nipe nguvu ya kuhudumu," wakati mzigo unaokuvunja mgongo ni dada yako ambaye hujazungumza naye tangu msiba wa baba. Umeutaja? Hukuutaja. Umekwenda kwenye vipimo na mfuko mmoja. Halafu unalalamika kwamba maombi hayafanyi kazi! Unadhani Mungu hajui? Anajua. Hata yule fundi nadhani alijua tangu siku ya kwanza. Kulikuwa na kitabu cha nyimbo kwenye dashibodi. Lakini mchanga unawekwa kwa neno lako. Na wanaokaa nyuma yako kwenye mteremko, wanaokuamini na kuimba, ndio watakaoanguka na wewe.

Na unaogopa nini? Benchi. Vijana watano na soda.

Mwalimu alilitazama benchi. Akatazama kidole chake. Nadhani moyoni aliwasikia wale mama wanaimba. Akasimama, akasema kwa sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia:

"Mama, nilikudanganya. Sijawahi kushindana na mtu. Naendesha kwenda shule na kwaya. Nawabeba mama watatu wa sauti ya pili, na kinanda. Na mwendo ni arobaini, mama. Hamsini nikichelewa."