Shanga za Pango la Chatu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, moto unatutosha sote. Aliyeketi nyuma asigeuke kutazama giza, maana ninayemtaja leo hapendi kutajwa.

Hapo kale, zamani zile watu na wanyama walipokuwa wakisalimiana njiani, palikuwa na nchi ya joto. Si joto hili lenu la kujipepea na kanga. Kiangazi kilipofika, upepo ulikuja kama pumzi ya tanuri, kuku wakafa wamesimama, na mgonjwa wa asubuhi hakufika jioni. Katika nchi hiyo aliishi mfinyanzi mmoja mjane, jina lake Nyamizi, pamoja na binti yake Kalunde. Mumewe aliuawa na joto hilo hilo. Kwa hiyo kila majani yalipoanza kunyauka, Nyamizi alishikwa na hofu. Alimtazama bintiye, akamsikiliza anavyohema.

Juu ya kilima palikuwa na pango, na ndani ya pango chemchemi ya maji baridi. Mwenyewe alikuwa Chatu. Hakuna aliyemwona mzima. Huyu aliona mkia, yule aliona mgongo, basi. Msemaji wake alikuwa Nguchiro, mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno.

Siku moja Nguchiro akashuka na ngoma, ti! ti! ti! Akakialika kijiji kizima karamuni. Nyama ikaliwa, asali ikarambwa, pombe ya mtama ikanywewa. Aliyetaka kuondoka aliambiwa, "Bado, bado, bado!" Jua lilipoinama, Nguchiro akafungua mfuko wa shanga nyekundu, akaimba:

"Nunua kivuli, nunua baridi!
Ukichoka utauza, utapata zaidi!"

"Ushanga huu," akasema, "ni siku zako za kulala pangoni kila kiangazi. Wako, wa mwanao, wa mjukuu wako!"

Nyamizi akauliza, "Na nisipozitaka tena, Bwana Nguchiro?"

"Mama Kalunde! Jirani zako hawana joto? Utamwuzia yeyote. Kivuli hakiozi. Ila bei hii ni ya leo, kesho sikujui."

Nyamizi akamtazama Kalunde akijifuta jasho. Akatoa mbuzi wake wote, akabakiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Akavishwa shanga za kuzunguka shingo nzima.

Kiangazi cha kwanza kilikuwa raha tupu. Mama na binti walilala chumba cha ndani, kando ya chemchemi, mpaka wakaomba kujifunika. Siku ya kuondoka, Nguchiro akawasimamia mlangoni.

"Kila ushanga una mdomo," akasema, "na mdomo hula. Mwakani mleteeni mwenye pango kuku mmoja kwa kila ushanga."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mnakula."

Mwaka wa pili walidaiwa kuku. Mwaka wa tatu walidaiwa kondoo. Nyamizi akafinyanga vyungu vya kubadilisha na mifugo mpaka vidole vikapasuka. Na alipofika pangoni akaambiwa, "Ndani kumejaa, subiri nje." Maana Nguchiro aliendelea kuuza, na shanga zikawa nyingi kuliko mikeka.

Jirani yao Masele akasema, "Mimi siendi tena pangoni, basi sitoi kitu." Akajaribu kuzivua shanga zake. Hazikuvuka kichwa. Akazikata kwa kisu, kisu kikapinda. Asubuhi moja zizi lake lilikuwa kimya. Mlango haukuvunjwa. Mchangani palikuwa na mfuo mpana, kama wa gogo lililokokotwa, na humo zizini hapakubaki hata kwato moja. Masele akafa kwa kihoro, na siku ya maziko, mwanawe mkubwa aliamka na shanga zile zile shingoni.

Nyamizi alipoliona jambo hilo, alikimbia nyumbani kumtazama bintiye. Wakati huo Kalunde alikuwa ameolewa, na alikuwa mjamzito, amerudi kwa mama yake kujifungua. Kila usiku mama yake alimpapasa shingo, akaikuta tupu, akashukuru, akaogopa tena.

"Nitaziuza," akasema. "Si Nguchiro alisema zinauzika?"

Akaenda gulioni, akaimba:

"Nani ataka kivuli, nani ataka baridi?"

Nungunungu akasimama. "Nipe kwa nusu ya mbuzi uliowatoa. Lakini nambie, nitalala chumba cha ndani?"

Nyamizi akatikisa kichwa, maana alikwisha kuuliza kule pangoni. Ushanga ulionunuliwa kwa mwingine haukuvuka mlango. Mwenye nao alilala pale nje, penye jua. Nungunungu akaenda zake.

Akasogea mbele, akaimba:

"Nani ataka kivuli, nani ataka baridi?"

Kanga akacheka. "Dada, Nguchiro yuko pale chini anauza mpya, na nyama juu yake. Wako una nyama?"

Akasogea tena, akafika mwisho wa gulio. Huko akakuta watu wameketi mstari mrefu, kila mmoja na shanga nyekundu shingoni. Huyu anataja mbuzi, yule anataja kuku, yule anataja yai. Nyamizi akaketi mwisho wa mstari, akaimba:

"Nani ataka kivuli, nani ataka baridi? Natoa bure!"

Kobe akapunguza mwendo. "Bure?" akasema. "Mama, unanipa kivuli au unanipa tumbo la Chatu nililishe?" Akaingiza kichwa ndani, akapita.

Nyamizi akarudi nyumbani, hakula. Kulipopambazuka akapanda kilima peke yake. Alipita lango, akapita chumba cha nje, akapita chumba cha ndani, akafika mahali ambapo hata Nguchiro hakufika. Kulikuwa na giza na harufu ya maji yaliyolala. Jiwe alilolishika likasogea. Halikuwa jiwe.

"Nyamizi," sauti ikasema, taratibu sana, "umekuja bila kondoo."

"Bwana mkubwa, nimekurudishia shanga zako. Sitaki mbuzi wangu. Chukua tu."

"Mimi huuza. Sinunui."

Uchungu ukamsukuma Nyamizi. "Kama zina thamani ya mbuzi wangu wote, mbona wewe mwenyewe hutaki hata moja?"

Chatu akacheka, na pango zima likacheka naye. "Kwani ulinunua ushanga? Ulinunua nyama, ngoma, na ulimi wa Nguchiro. Ulivimaliza siku ile ile. Ulichoondoka nacho ni mdomo wangu, umeuvaa shingoni. Nani anunue mdomo?"

Nyamizi akapiga magoti. "Nina binti ana mimba."

"Najua. Niletee shingo nyingine ikubali kuuvaa, nawe utakuwa huru. Au nilipe yule ng'ombe nikuvue. Chagua kabla mtoto hajazaliwa, asije akazaliwa nao."

Akashuka akiwa haoni njia. Na mlangoni pake akamkuta nani? Mbuke, jirani yake, mwanamke mpole, amehamia juzi tu.

"Mama Kalunde, nasikia una siku za pangoni. Mimi na wanangu joto litatuua. Nigawie, tafadhali, kwa chochote utakachosema."

Wasikilizaji wangu, mngefanyaje? Neno moja tu lilitosha. Mkono wake ukaenda shingoni, shanga zikalegea zenyewe, zikamfuata kidoleni. Ndani ya nyumba Kalunde akakohoa. Nyamizi akafumba macho.

"Mbuke, dada yangu, hiki si kivuli. Ni kifo cha polepole. Usivae wangu, usivae wa yeyote."

Shanga zikakaza tena, zikambana koo.

Mbuke akakunja uso. "Basi sema tu hutaki nipate nafuu kama uliyoipata wewe." Akaondoka kwa hasira, akaenda zake karamuni kwa Nguchiro.

Nyamizi akamfungua ng'ombe. Akampandisha kilimani huku akimwomba radhi njia nzima. Kamba ikavutwa gizani, ikarudi tupu. Shanga zikamdondoka chini kama mbegu za mbuyu, naye akatoka pale bila mbuzi, bila ng'ombe, bila kivuli. Kalunde akajifungua mtoto wa kike, shingo yake laini, haina kitu.

Miaka ikapita, kiangazi kikaja kikali kuliko vyote. Siku hiyo adhuhuri, Nyamizi na bintiye walikuwa wamelala sakafuni, wamemfunika mtoto kwa kitambaa chenye maji. Ghafla ndege wakanyamaza. Nje pakasikika kitu kinakokoteka, shaaa, shaaa, shaaa. Kikasimama mlangoni. Vumbi likapenya chini ya mlango. Kalunde akauziba mdomo wake kwa mkono. Nyamizi akasikia kile kitu kinanusa, kinanusa, kinanusa.

Kisha kikapita.

"Mama, tumepona," Kalunde akanong'ona.

Ndipo wakasikia sauti ya Mbuke: "Mama Kalunde! Nisaidie! Sikuwa na kondoo!"

Nyamizi akasimama. Akachukua jembe, akapita nyuma ya nyumba, akaubomoa ukuta wa udongo wa Mbuke, akawavuta watoto mmoja mmoja, akamvuta na mama yao, huku mlango wa mbele ukivimba na kulalamika. Walipofika kichakani, wakasikia zizi likilia, kisha likanyamaza.

Mbuke alikaa chini, shanga nyekundu shingoni, akitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Hakuna aliyesema "nilikwambia."

"Nitafutie mnunuzi," Mbuke akalia. "Wewe unawajua watu wengi. Yeyote tu!"

"Hakuna mnunuzi, dada," Nyamizi akajibu, akimfuta vumbi usoni. "Una kitu gani kilichobaki?"

"Jembe langu. Na shamba la mtama."

"Basi yatakwenda hayo, naye akuvue. Inuka. Kilima nakiogopa kama wewe, lakini njia ya kule ndani naijua, nami nitakushika mkono."

Wakainuka, wakaanza kupanda.

Ngano yangu imekomea papo hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.