Jibu la Mama Tsuma

Zamani sana, watu walipokuwa wachache na maneno yakiwa machache zaidi, ukiulizwa jambo ulikuwa na majibu mawili tu: ndiyo au hapana. "Bado" lilikuwa neno la jikoni. Lilisemwa kwa chungu kilicho motoni, basi.

Wakati huo aliishi mjane mmoja aliyeitwa Mbeyu. Mwanawe wa pekee, Tsuma, alikwenda nchi ya mbali kutafuta chumvi, na wenzake wakarudi bila yeye. Hawakumwona akifa; walipotezana njiani. Mbeyu alimtamani mwanawe mpaka akakonda. Kila jioni alimpakulia chakula, na kila asubuhi alikila mwenyewe kikiwa baridi, huku akijicheka kwa ujinga wake.

Desturi nayo ilikuwa kali. Mavuno yakiisha, mkuu wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akiwaulizia waliosafiri. Ukijibu hapana, watu walikaa matanga, na jina la mtu wako akapewa mtoto mchanga. Baada ya hapo, hata angerudi, asingekuwa na jina la kuitwa. Angepita mlangoni kwa mamaye kama mgeni.

Mkuu huyo, Mzee Nyundo, alimkuta Mbeyu akipika maharage. Hakuwa mtu mbaya, ila aliipenda kazi yake kupita kiasi.

"Mama Tsuma, mwanao amerudi?"

Ndiyo ingekuwa uongo. Hapana ingekuwa matanga. Mbeyu akakoroga chungu, machozi yakimtoka, akasema, "Bado."

Mzee akaangua kicheko. "Nimekuuliza habari za mtu, mama, si za maharage!"

"Maharage yasipoiva hamyamwagi, mnachochea moto. Mwanangu mnataka kumwaga kwa nini?"

Mzee Nyundo akainama, akausukuma ukuni mmoja motoni. Akaenda zake, na jina la Tsuma hakupewa mtu.

Miaka ikapita. Mbeyu akazeeka, akalala asiinuke tena. Siku ya mwisho, yeye ndiye aliyeuliza: "Tsuma amerudi?"

Mzee Nyundo, naye sasa akitembelea mkongojo, akamshika mkono. "Bado, mama," akamwambia taratibu. Mbeyu akatabasamu, akafumba macho.

Na tangu siku hiyo, muulize mtu kama ameolewa, kama amepata mtoto, kama ndugu yake aliyepotelea ughaibuni amerudi, hata awe na mvi kichwa kizima, hakwambii hapana. Atasema bado. Nawe utaitikia, wala hutamuuliza tangu lini.