Neno la Jukwaani

Wahenga waliosema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi walijua wanachokisema. Mtu akijikwaa kidole ataruka kwa mguu mmoja, atalilaani jiwe, na kucha ikitoka itaota nyingine. Neno likishatoka, limetoka. Wengi huisikia methali hii wakadhani inawahusu wasengenyaji peke yao, wale wanaobeba habari za nyumba hii kuzipeleka nyumba ile. Mimi nasema ulimi unaweza kujikwaa hata kwa neno jema, kinywani mwa mtu asiye na kinyongo na yeyote. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Kipaza.

Kipaza alifanya kazi katika bustani ya michezo iliyokuwa juu mlimani, mahali ambapo watu wa mjini hupanda siku za mapumziko ili wakachoke kwa hiari yao. Palikuwa na ukuta wa kukwea, madaraja ya kamba yaliyofungwa mti kwa mti, na njia za baiskeli zilizowarudisha vijana nyumbani na magoti yaliyochubuka. Lakini kilichowavuta wengi kilikuwa waya wa kuteleza. Waya huo ulivuka bonde zima, kutoka jukwaa la juu hadi jukwaa la chini upande wa pili. Mgeni alivishwa mikanda mapajani na kiunoni, akavikwa kofia ngumu, akaning'inizwa kwenye kapi iliyotambaa juu ya waya, kisha akainua miguu na kwenda zake. Kipaza ndiye aliyewaachia wageni kule juu. Aliyewapokea kule chini alikuwa mwenzake mmoja mpole waliyemwita Mpokezi. Walizungumza kwa redio za mkononi, maana ukungu wa mlimani huja bila hodi na mara nyingi jukwaa moja halikuliona jingine.

Jina la Kipaza alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Sauti yake ingeweza kuvuka bonde bila msaada wa betri, na maneno hayakumwishia. Mgeni aliyepanda ngazi za jukwaa akitetemeka aliondoka akicheka. "Usiogope, mama," angemwambia. "Waya huu ulimbeba bosi wetu pamoja na kitambi chake, utashindwa na wewe?" Watu walishuka mlimani wakimsimulia yeye zaidi ya walivyosimulia bonde.

Sheria za jukwaani zilikuwa chache. Kubwa kuliko zote ni kwamba mgeni akishasimama ukingoni, hakuna linalosemwa ila neno moja la kumruhusu, nalo lilikuwa "Teleza!" Mkuu wa usalama, mwanamke wa makamo aliyewafundisha kazi wote, alikuwa amelichagua kwa makusudi. Kipaza hakulipenda hata chembe.

"Mkuu, neno hili ni uchuro," alimwambia siku moja. "Mtu yuko juu ya genge, roho mkononi, halafu mimi nimwambie ateleze? Si nitakuwa namwombea mabaya?"

"Wewe ulitaka useme nini?"

"Haya. Moja, mbili, haya! Lina raha yake. Linamtia mtu moyo."

"Haya tunalisema kutwa kucha. Ukiitwa, haya. Ukitumwa, haya. Ukiagwa, haya. Siku moja litakutoka mtu akiwa ukingoni."

"Haya, mkuu, nimekusikia."

"Unaona? Limeshakutoka."

Wakacheka wote wawili. Mkuu alimkanya tena mara kadhaa, lakini wageni walimpenda Kipaza, na mwenye bustani alimpenda kwa kuwa wageni walimpenda. Basi neno "haya" likahamia jukwaani na kujifanya mwenyeji. Miezi ikapita bila baya lolote. Ndivyo kosa linavyotubembeleza. Lingetupiga siku ya kwanza, tungepata nafasi ya kujirudi.

Nyumbani, mtu mmoja tu hakucheka kwa maneno ya Kipaza, naye alikuwa mama mkwe wake. Bibi huyu alikuwa ametaka bintiye aolewe na mtu wa ofisini, mtu wa maneno machache. "Mwanangu ameolewa na mdomo," aliwaambia jirani zake, na maneno hayo yakamfikia Kipaza kama maneno yote yanavyofika. Yalimuuma. Alimpenda mkewe, fundi cherehani mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko umbo lake, akampenda kwa moyo wote bila kubakiza. Alichotaka ni kwamba siku moja mama wa mkewe amwone akiwa kazini, aone kwamba mikono iliyompokea bintiye ni mikono ya kuaminika. Kwa hiyo akawaalika mlimani: mkewe, mama mkwe, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana mnene ambaye kila mtu alimwita Bonge, naye mwenyewe akiitika.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mkewe alikwea ukuta hadi juu akapunga mkono. Bonge alikwea hatua chache akabaki ananing'inia.

"Shemeji, umefika?" Kipaza alimpigia kelele kutoka chini.

"Nimefika ninapofika!"

"Basi shuka, ukuta unalalamika."

Hata mama mkwe alitabasamu, akageuza uso asionekane. Kipaza aliliona tabasamu lile na kifua kikamjaa. Ilipofika zamu ya waya, bibi alisema yeye atateremka kwa gari hadi jukwaa la chini, awasubiri huko na viatu walivyovua kwa safari ya waya. Kabla ya kupanda gari alimwita mkwewe pembeni.

"Baba, mimi sina maneno mengi. Nilikupa mwanangu akiwa mzima. Leo nirudishie hivyo hivyo."

"Mama, kwangu mimi yule ni yai," Kipaza alijibu, na mara hii hakuwa akitania.

Juu ya jukwaa upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka bondeni, na ukungu ulikuwa umelifunika jukwaa la pili. Kipaza alimfunga mkewe mwenyewe. Aliivuta mikanda, akaikagua kapi, akaivuta mikanda tena. Kazi ya mikono yake siku ile haikuwa na dosari, na hilo walikuja kulithibitisha wote walioikagua baadaye.

"Mume wangu, ukiniangusha nitakusumbua hata ndotoni," mkewe alimwambia.

"Unanisumbua tayari. Moja, mbili, haya!"

Akainua miguu. Kicheko chake kilisikika muda mrefu ndani ya ukungu, kisha kikamezwa na upepo.

Bonge akasogea ukingoni. Uso ulikuwa umemparama, mikono imeng'ang'ania kamba ya kapi. Kipaza alimfunga kwa uangalifu uleule, akamshika mkanda wa mgongoni kumzuia, akamwinamia sikioni.

"Sikiliza, shemeji. Ukitaka, fumba macho. Mimi nahitaji masikio yako tu. Ukisikia 'haya', inua miguu. Usifikiri. Ukianza kufikiri utazeekea hapa."

"Nikisikia haya."

"Basi. Mengine yote ni kelele."

Bonge akafumba macho. Alikuwa anamwamini mume wa dada yake kuliko alivyouamini waya.

Redio ikakoroma. Kipaza akauachia mkanda wa Bonge ili aichukue kiunoni na kubonyeza kitufe. Ilikuwa sauti ya Mpokezi. "Kipaza, mkeo amesimama kabla ya kufika. Ni mwepesi, upepo umemzuia. Natoka kwenda kumvuta. Usimwachie mtu."

Jambo hilo lilikuwa la kawaida. Watu wepesi husimama njiani siku za upepo. Mpokezi hutoka akijivuta juu ya waya, akamkokota mgeni hadi jukwaani. Kipaza alisikia kila neno, akalielewa, akakubaliana nalo. Akajibu kama ambavyo mimi au wewe tungejibu, kama alivyojibu maisha yake yote anapoambiwa jambo akaliafiki.

"Haya!"

Bonge akainua miguu.

Kipaza alirusha mkono akakamata hewa. Kapi ililia juu ya waya, ikalia kwa ukali kuliko ilivyolia kwa mkewe, maana uzito mkubwa hukimbia. "Rudi!" alipiga kelele. "Shemeji, rudi!" Lakini juu ya waya hakuna kurudi, na sauti ile iliyosifiwa kuvuka bonde haikuweza kumshika mtu mkanda. Akaikumbuka redio. "Anakuja! Mpokezi, anakuja!" Mpokezi hakujibu. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye waya.

Kule chini mama mkwe alikuwa amesimama ameshika viatu. Alimwona bintiye akining'inia karibu kabisa, Mpokezi bado hajamfikia, akitikisa miguu na kucheka aibu ya kukwama. "Mama, usinitazame hivyo, nakuja," alikuwa akisema. Kisha ukungu ukapasuka nyuma yake na mwanawe akatokea, macho yamefumbwa. Mama aliwaona watoto wake wakikutana hewani. Mlio ule hakuwahi kumweleza mtu, na walioujua uchungu wake hawakumuuliza.

Bonge alivunjika mtulinga na mbavu. Dada yake, aliyegongwa mgongoni, alivunjika uti wa mgongo. Walimshusha akiwa hai, akiuliza mbona miguu yake imeachwa kule juu.

Wakaguzi walikuja. Waliuvuta waya, waliipima mikanda, waliifungua kapi na kuifunga. Vyote vilikuwa vizima. Mkuu wa usalama aliwaeleza alichokuwa amekikataza na namna alivyoacha kukikataza, akalia mbele yao. Jukwaa likafungwa. Mwenye bustani alisema ni ajali, jirani wakasema ni mipango ya Mungu, marafiki wakamwambia Kipaza asijilaumu, kwamba hata wao wangejibu vivyo hivyo. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia.

Bonge ndiye aliyemtafuta kwanza, mkono ukiwa umefungwa shingoni. Walikutana katika varanda ya hospitali, kwenye benchi la wanaosubiri.

"Shemeji, ulisema haya," Bonge alianza. "Niambie kama hukusema. Kila nikilala nasikia ukisema, halafu nikiamka nadhani labda niliota, labda nilienda mwenyewe."

"Nilisema."

"Ulikuwa unaniambia mimi?"

"Nilikuwa namjibu Mpokezi."

Bonge alimtazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. "Sasa mimi ningejuaje?"

Wakakaa benchi moja mpaka muuguzi alipotoka kuwaambia kwamba mgonjwa amepata nguvu kidogo na sasa wanaweza kumwona.

Chumba kilikuwa na vitanda vichache na dirisha lililotazama ukuta. Mkewe alikuwa amelazwa chali, amefungwa asitikisike. Mama yake alikaa kwenye kiti kando ya kichwa, akimpangusa midomo kwa kitambaa chenye maji. Daktari alikuwa ameshamwambia mgonjwa habari ya miguu. Alilia, akanyamaza, na sasa alikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyethubutu kulijibu kwa kweli. Wote walikuwa wamemwambia kwamba ni mgeni mmoja, mgeni tu, wasiyemjua.

"Nani alikuja nyuma yangu?" aliuliza. "Niambieni. Nilisikia mlio nyuma, sikuwahi kugeuka. Alikuwa nani, na ni nani aliyemruhusu?"

Bonge akarudi nyuma hadi mlangoni. Mama akauweka kitambaa juu ya kimeza, akamgeukia mkwewe. Hakukuwa na hasira usoni pake. Hasira ilikuwa imekwisha, kimebaki kitu kizito zaidi.

"Mwambie, baba," alisema. "Wewe ndiye msemaji wetu. Siku zote tunasikia yako. Leo mdomo umekwenda wapi?"

Kipaza akapiga magoti kando ya kitanda. Mtu yule ambaye maneno hayakumwishia alifungua kinywa akakuta hakuna kitu. Alijaribu tena.

"Ni mdogo wako," alisema mwishowe. "Alikuwa anangoja neno langu. Niliambiwa umekwama, nikaitikia haya. Akadhani nimemwambia yeye."

"Haya," mkewe alirudia polepole, kana kwamba ni neno la lugha asiyoijua. "Kwa hiyo haya tu?"

"Haya tu."

"Hukuwa na ugomvi na mimi?"

"Sijawahi kuwa nao."

"Bora ungekuwa nao," alisema mkewe. "Ningepata pa kukukasirikia."

Alinyoosha mkono kumtafuta mdogo wake, Bonge akaja akaushika na kulia juu yake, dada akamwambia anyamaze, yeye hana kosa. Kipaza naye akausogeza mkono wake juu ya shuka, taratibu, akitarajia. Mkono wa mkewe haukuja. Uso ndio uliokuwa umebaki wa kugeuza katika mwili ule, naye akaugeuzia upande wa ukuta.

"Mama," alisema bila kumtazama mumewe, "mwambie atoke. Na mwambie kwa ishara. Sitaki kusikia neno lingine."

Kipaza alinyanyuka kabla hajaambiwa, akatoka, akasimama varandani kati ya watu waliobeba vyakula na matandiko ya wagonjwa wao. Mtu mmoja alimuuliza kama chumba kina nafasi ya mgeni mwingine, naye akamjibu kwa kichwa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.