Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wengi huitamka methali hii huku wakicheka, kana kwamba kunguni siku zote ni wa jirani. Maana yake ni kwamba karaha ya maisha huijua anayeyaishi. Sisi wa nje tunaona shuka tu. Nsimire aliijua kwa kinywa tangu utotoni, lakini maana yake ilimwingia akiwa na miaka hamsini na mitatu, jikoni mwa ukumbi wa kanisa mjini Buffalo, Marekani, siku ya harusi ya bintiye.

Nsimire aliosha vyombo katika makao ya wazee kule Cheektowaga. Kutwa alikuwa amesimama. Sinia chafu ziliingia, safi zikatoka, na hazikwisha. Hakuionea aibu kazi hiyo, maana ndiyo iliyomsomesha Gentille, mwanawe wa pekee, hadi akawa muuguzi. Lakini alikuwa amechoka, na zaidi ya kazi walimchosha watu. Huko Bukavu marehemu mumewe alikuwa mwalimu mkuu, na yeye mwenyewe aliitwa Madamu. Huku ugenini Wakongo wenzake, waliokimbia vita ile ile kwa miguu ile ile, walikuwa wamekwisha kujipanga upya: mwenye nyumba mbele, mpangaji nyuma, na mwosha vyombo jikoni hata akialikwa.

Mdogo wake, Byamungu, aliishi Uingereza. Kila Jumapili alipopiga simu aliisifu nchi ile mpaka mate yakamkauka. Alidai kwamba kule mambo ya mabwana na watwana yalikwisha zamani, kwamba alifanya kazi katika shule kubwa na mkuu wake aliitwa kwa jina tu, bila cheo. Nsimire akikata simu alibaki amekaa kitandani, viatu mkononi. Alimwonea wivu ndugu yake, tusifichane.

Kisha Gentille akaposwa na Aganze, kijana mpole wa Columbus. Baba yake, mzee Nshombo, alianzia katika chumba cha kupanga kule Whitehall, pembeni mwa Columbus, na sasa alikuwa na malori yake mwenyewe. Kwa kuwa baba wa binti hakuwapo, Byamungu alipanda ndege aje kuwa msemaji wa ukoo, kama desturi inavyotaka. Nsimire hakutaka kitu kingine ila kuketi meza kuu karibu na bintiye, watu wamwone aliyemzaa. Alishona kitenge kipya na kuomba ruhusa kazini mwezi mzima kabla.

Siku ya siku ikafika. Wageni walikuja kutoka Columbus, wengine hata kutoka Louisville. Nsimire alitangulia meza kuu kutazama vikadi vya majina. Akasoma, akarudia kusoma. Mahali pake paliandikwa Gracieuse, binamu yake anayefanya kazi katika duka la dawa na kuzungumza Kiingereza bila kujikwaa. Hakumwuliza mtu. Alikwenda jikoni, akafunga aproni juu ya kitenge kipya, akaanza kusuuza sahani.

Byamungu alimkuta hapo. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mzee Nshombo amewaalika Wamarekani anaofanya nao biashara, na angependa meza kuu ikae watu wa kuongea nao. Mzee aliomba kwa heshima, naye Byamungu alikubali kwa niaba ya ukoo.

"Yaya, ni kiti tu," akasema, akimwita kama wanavyomwita dada mkubwa kwao. "Kule Uingereza hakuna mutu anaangaliaka kiti."

Nsimire hakugeuka. "Weye unakaa inchi ya batu sawa. Hauwezi kujua vile hii inaumaka. Enda ukaseme, bakwe bako banakungoja."

Byamungu hakwenda. Aliitazama mikono ya dada yake ndani ya povu, kisha akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani. Alizikausha haraka, mbele na nyuma, akizipanga bila kutazama. Nsimire akaacha kusuuza. Miaka kumi na mitano ya kazi ilimfundisha kwamba hakuna anayekausha sahani namna ile ila mwenye kulipwa kwa kuzikausha.

Ndipo yakamtoka ndugu yake. Shule ile kubwa ilikuwa ya watoto wa wakubwa, na kazi yake ilikuwa katika bwalo lao la chakula. Hakuna aliyemtukana, walimshukuru vizuri sana, kisha wakampita kama hayupo. Mwanawe alisoma shule ya kawaida mtaani kwao, akapata alama za juu, akaenda kuomba kazi katika ofisi ya mawakili. Walisikia lafudhi ya mtaa wao, wakamwuliza alisoma shule gani, wakamwambia asante, na kazi hakupewa.

"Bananiitaka kwa jina, ni kweli," akasema Byamungu. "Lakini mulango yangu ni ya nyuma. Nimezoea sana ile mulango, Yaya, mpaka leo nimekupitisha na weye."

Nsimire alitaka kukasirika, nguvu zikakosekana. Miaka yote ile alikuwa akimwonea wivu mwosha vyombo mwenziwe. Akamwuliza kwa nini alificha. Byamungu akajibu kwamba alijua dada yake amechoka, akataka aamini kuwa angalau mmoja wao amefika.

Ukumbini mzee Nshombo alisimama, akatoa salamu za wakwe, akangoja jibu. Kwa desturi, msemaji wa upande wa binti asipojibu hakuna kinachoendelea, hata chakula hakigawiwi. Byamungu akatoka jikoni, akasimama mbele ya wageni, kitambaa cha sahani kingali begani.

"Bon, jibu sina," akasema. "Mama ya bibi harusi iko jikoni, anaosha sahani. Ni kazi yake, na ni kazi yangu pia. Akishakaa, tutajibu."

Mzee Nshombo aliinamisha macho. Aliyeinuka ni Gentille. Akaenda jikoni na shela lake, akamwambia mama yake kwa Kiingereza, kama alivyozoea, kwamba kadi aliiona asubuhi na akanyamaza. Kisha kwa Kiswahili akasema, "Mama, unisamehe." Nsimire aliumia kwa hilo kuliko kwa kadi yenyewe, lakini akakausha mikono akamfuata.

Viti vyenye vitambaa vyeupe vilikuwa vimekwisha. Gentille alibeba kimoja cha plastiki kutoka jikoni, akakiweka karibu na chake. Nsimire akaketi, aproni ingali kiunoni, na mzee Nshombo akaja kumpa mkono wa heshima. Labda naye alikumbuka jiko fulani la Whitehall alikowahi kuosha sahani za watu. Jumatatu alirudi Cheektowaga kwenye sinia zake.

Jumapili iliyofuata Byamungu alipiga simu. Safari hii hakusifu kitu. Nsimire alimwuliza kama miguu inamwuma, naye akakiri kwamba inamwuma, tena kila siku. Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.