Mgeni Aliyesahau Fimbo

Hodi, hodi, mlio ndani ya hadithi.

— Karibu, mleta hadithi, keti.

Nije na kweli au nije na uongo?

— Njoo navyo vyote, tutachagua wenyewe.

Basi sogeeni. Aliye karibu na moto ampishe aliye mbali.

Hapo kale, kale ya mababu wa babu zetu, palikuwa na mji kando ya bahari ukiitwa Ukutani. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, nyeupe kama meno ya mtoto. Milango yake ilikuwa ya mbao nzito iliyochongwa maua na minyororo, na kila mlango ulimzidi umri mzee aliyeufungua.

Watu wa Ukutani walisifika kwa adabu ya wageni. Mgeni akipiga hodi, aliitikiwa karibu kabla hajaulizwa jina. Akiketi, aliletewa maji, akaletewa kahawa, akaletewa halua. Na akiaga, hakuachwa aende peke yake. Mji mzima ulitoka ukamsindikiza mpaka ufukweni, ndipo watu wakarudi makwao.

Aliyewatangulia wasindikizaji alikuwa Mzee Shee Mbwana. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Alikuwa na binti mmoja, Mwana Nunu, mshona kofia. Mama alikwisha kufa, ndugu hakuwa nao. Kwa Mwana Nunu, baba huyo ndiye aliyekuwa mama, ndiye kaka, ndiye ukoo mzima.

Asubuhi moja Mwana Nunu ameketi kizingitini anashona, akasikia sauti nyembamba.

"Hodi."

"Karibu," akasema. Akatazama kulia, hakuona mtu. Akatazama kushoto, hakuona mtu. Akatazama chini, akamwona kaa.

"Karibu, kaa."

"Kaa ndiye mimi, lakini sikuja kukaa," akasema kaa. "Sisi tumehama ufukweni, tumechimba mashimo mapya kule juu kilimani. Mgeni anakuja. Jina lake Kimbunga. Waambie watu wako." Kisha akaimba, nanyi mtaimba nami:

*Ana nyuso mbili mgeni, katikati ana jicho;*
*likikutazama kimya, usidhani ndio mwisho.*

Mwana Nunu akaenda barazani, wanaume wanakunywa kahawa, akawaambia.

"Nani kasema?" akauliza Kombo, muuza kahawa.

"Kaa."

"Yule anayekwenda upande? Kutembea moja kwa moja kumemshinda, ndiye atakayetuonyesha njia?"

Baraza zima likacheka. Mzee Shee Mbwana akamwambia binti yake kwa upole, "Na kama ni mgeni, mwanangu, tunaogopa nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Siku ya pili kaa akaja, akaimba. Mwana Nunu akaenda barazani, wakacheka. Siku ya tatu kaa akaja, akaimba. Safari hii hawakucheka sana, maana mbingu ilikuwa na rangi ya jeraha la zamani, na kuku walikuwa wamekataa kutoka bandani.

Alasiri hiyo upepo ukaja, tena haukuja kwa mlango wa mbele unaotazama bahari. Ulikuja kutoka bara, ukazungukia uani, kama mtu anayeujua mji.

"Hodi," ukasema. Makuti yakang'oka. Watu wakanyamaza ndani.

"Hodi." Madirisha yakafunguka yenyewe. Watu wakanyamaza ndani.

"Hodi."

Wanangu, tangu Ukutani ijengwe, hodi ya tatu haijapata kukosa jibu. Ulimi wa Mzee Shee Mbwana haukumwuliza mwenyewe. "Karibu," akasema. Na katika kila nyumba, mdomo kwa mdomo, wakasema: karibu, karibu, karibu.

Kimbunga akaingia. Hakungoja maji, alikunywa visima. Hakungoja kahawa, alichukua mabirika ya Kombo na jiko lake na moto wake. Minazi ikalala chini kama fagio. Bahari yenyewe ilisukumwa ikaenda mbali, samaki wakabaki wanarukaruka kwenye mchanga. Watu walijikunja chini ya vitanda wakashika miguu ya vitanda.

Ghafla, kimya.

Upepo ukakatika kama uzi. Jua likatoka. Mbingu juu ya mji ikawa ya buluu, duara, safi. Chozi, yule ndege mdogo, akaimba juu ya ukuta usio na paa.

Wanangu, hilo duara lilikuwa nini? Nyie mnalijua. Wao hawakulijua.

Wakatoka wakatazamana.

"Ameondoka," akasema mmoja.

"Hata kwaheri hakusema."

"Atakuwa alisema," akajibu Kombo, "ila kwa kelele zile nani angesikia?"

Mzee Shee Mbwana akakung'uta kanzu yake, akaweka kofia sawasawa. "Twendeni tukamsindikize."

"Baba," akasema Mwana Nunu, "amevunja mji."

"Ubaya wake ni wake. Adabu ni yetu."

"Baba, hilo ni jicho." Akaishika kanzu yake.

"Niachie, mwanangu. Usinitie aibu mbele za watu."

Wakaondoka, mzee mbele, mji nyuma, wakielekea ufukweni kumuaga mgeni wao.

Mwana Nunu akabaki kizingitini. Alimjua baba yake. Kwa hofu hatarudi. Kwa machozi hatarudi. Kitu kimoja tu kingemrudisha, nacho ni adabu ileile iliyompeleka. Kwani ilikuwapo desturi kongwe kuliko ya kusindikiza: mgeni anayekuja hupokelewa kwanza, ndipo anayekwenda asindikizwe.

Akatazama chini. Kaa alikuwa pale.

"Piga hodi," akamwambia.

"Kwa sauti yangu hii? Nani atanisikia?"

"Wewe piga, mimi nitaibeba."

"Hodi," akasema kaa.

"Baba," akaita Mwana Nunu, "kuna mgeni mlangoni kwako."

Mzee akaendelea kutembea.

"Hodi," akasema kaa.

"Baba, mgeni amepiga hodi ya pili."

Mzee akapunguza mwendo.

"Hodi," akasema kaa.

"Baba, hii ni ya tatu, na mwenye nyumba hayupo."

Mzee akasimama. Akatazama bahari, akatazama nyumba. Akawaambia waliokuwa karibu naye, "Tangulieni. Nampokea huyu, nitawafuata."

Waliokuwa nyuma yake wakageuka naye, kwani hawakuzoea kwenda pasipo yeye. Lakini Kombo na wenzake walikuwa wameshika kasi. "Rudi tu, mzee wetu," Kombo akasema. "Mgeni tutamfikisha sisi."

Mzee akafika mlangoni, akainama, akasema, "Karibu, kaa."

Hakuwahi kuongeza neno. Kutoka upande wa bahari, mlango wa mbele wa mji, ile sauti ikarudi, wala haikupiga hodi.

"Nimesahau fimbo yangu."

Na fimbo yake, wanangu, ilikuwa bahari. Maji yote yaliyokwenda mbali yalirudi kwa pamoja, yamesimama marefu kuliko nyumba.

"Nifuateni," akalia kaa, "wala msinicheke mwendo."

Hawakumcheka. Walibandika migongo ukutani, wakamfuata upande, upande, upande, mpaka kichochoro kikaisha, mpaka kilima kikaanza, mpaka wakafika kwenye mashimo ya kaa. Hapo walijilaza kifudifudi, wakashikana mikono.

Upepo ulipokoma mara ya pili, hakuna aliyesema mgeni ameondoka. Walingoja mpaka asubuhi, ndipo wakainua vichwa.

Ukutani haikuwapo.

Zile nyumba nyeupe zilikuwa vifusi. Mtaa wa masonara ulikuwa mkondo wa maji, na pale barazani, penye kicheko, palikuwa na samaki. Milango ilielea huku na huko, mingine imefungwa bado kwa komeo, na nyumba zake hazipo.

Mzee Shee Mbwana akaita, "Kombo." Akaita tena. Akaita tena. Bahari ilikuwa shwari, haina habari. Mzee akasimama akiitazama.

"Niliwaambia watangulie," akasema.

Kaa naye alitazama. Alitazama mpaka macho yakamtoka kichwani, na mpaka leo hayajarudi ndani. Mkimwona yamesimama nje namna ile, msimcheke. Anaona bado alichokiona siku ile.

Siku iliyofuata Mwana Nunu aliukuta mlango wa nyumba yao umekwama chini ya kilima. Watu wakausimamisha juu pale, kwa mawe huku na mawe kule. Mbele yake nyasi, nyuma yake nyasi. Jioni akaja mama mmoja kutoka upande wa pili wa mkondo, ana mtoto mgongoni, amelowa, hana kwao. Angeweza kuuzunguka mlango ule. Hakuuzunguka. Alisimama mbele yake akasema, "Hodi."

Mzee Shee Mbwana akainuka. Akaukawiza ulimi wake kidogo, akachungulia kwanza. Kisha akafungua, akasema, "Karibu."

Kuzunguka mlango huo ukajengwa mji mpya, nao upo kilimani, mbali na bahari. Huko hodi bado huitikiwa, ila baada ya kuchungulia. Mgeni bado husindikizwa, ila mwenyeji husimama kwanza kizingitini na kumwuliza, "Hujasahau fimbo?" Kisha hungoja mpaka kahawa ipoe kikombeni, ndipo avuke.

Desturi, wanangu, ni mlango. Mlango usiofunguka ni ukuta, na mlango usiofungika ni tundu. Mwenye nyumba sharti ajue kufungua na kufunga.

Hadithi imefika kizingitini, mimi naaga.

— Tukusindikize, mleta hadithi?

Ketini mngoje. Na msiniangalie hivyo: fimbo yangu ninayo mkononi.