Jina la Mtoto wa Habona

Enyi mlioketi hapa, wakubwa kwa heshima zenu na wadogo kwa masikio yenu, nawaomba utulivu. Kisa nilichonacho si cha kuchekesha. Nitakisimulia chote, kisha hukumu nitaiacha kwenu.

Katika bonde la Ndaro waliishi watu watatu wenye vipawa. Mzee Buya alijaliwa kumbukumbu: hakuna neno la Kindaro lililompotea. Komora alijaliwa ufundi wa kompyuta. Hajillo, mwalimu wa chekechea, alijaliwa kujua namna ya kusema na watu hata wakasikia.

Idara ya maji ilikuwa na tovuti ya kutahadharisha mafuriko, lakini kwa Kiingereza na Kiswahili cha ofisini, na wengi bondeni hawakuijali. Watatu hao wakaazimia kuipa lugha yao.

Buya alitoa maneno. Mashine ya kutafsiri haikukijua Kindaro, basi mzee akaketi mbele ya kinasa sauti kiangazi kizima, sentensi baada ya sentensi, kifua kikimbana.

"Baba, pumzika," binti yake alimsihi.

"Nikinyamaza, mwanangu, hili dude litajifunza kwa nani?"

Sentensi za mwisho alizinong'ona. Alifariki kabla ya mvua.

Komora alitoa mashine. Aliifunza sentensi za marehemu, akaiunga na tovuti, ili kila tangazo la idara liwafikie watu simuni kwa Kindaro. Siku mto ulipofurika, alikataa kuondoka kwenye kompyuta kabla tangazo halijatoka. Nyumba yake ilikwenda na maji.

Hajillo alitoa wito. Hapakutoka tangazo asilolisoma kwanza. Siku hiyo mashine iliandika: wakazi wote wanashauriwa kuhamia mlimani. Akatikisa kichwa.

"Kosa liko wapi?" Komora akauliza.

"Halina kosa. Ila hakuna atakayeinuka. Tangu lini Mndaro akaitwa 'wakazi wote'? Sisi kwenye hatari huitwa kwa koo zetu."

"Basi andika upesi, dada! Maji hayakungoji umalize kupamba."

Akazitaja koo za Ndaro, ukoo kwa ukoo: inukeni, pandeni. Bonde likainuka.

Habona, mjamzito wa ukoo mmojawapo, alimsomea mumewe tangazo lile. Mumewe, Mwakio, alikuwa mfyatua matofali aliyehamia kutoka mbali, na wahamiaji wenzake waliishi naye kando ya tanuri. Hao hawakuwa na ukoo bondeni.

"Twende, Mwakio."

"Mmeitwa ninyi, mke wangu. Sisi wa tanurini hatumo. Maji yangekuwa yanafika huku, wangetutaja. Tangulia, nifunike matofali."

Hakumfuata tena; maji yalimkuta tanurini. Habona alijifungua mlimani, mtoto wa kiume.

Desturi ya Ndaro ni kwamba mtoto aliyenusurika na janga akiwa tumboni hupewa jina la aliyemnusuru, na mwenye jina, au jamaa zake, huwa wazazi wake wa pili. Jina ni moja, wala haligawanywi.

Binti wa Buya akaja. "Mpe jina la baba. Alitoa pumzi zake za mwisho, na hakuacha mjukuu."

Komora naye akaja. "Nyumba sina, shemeji, lakini mikono ninayo. Yatima huyu nitamlea."

Hajillo alisimama mlangoni, asiingie. "Sikuja kuomba jina."

"Bila wewe nisingeinuka," Habona akamwambia. Akamfunika mtoto vizuri. "Na bila wewe, baba yake asingebaki."

Enyi wasikilizaji, pasipo Buya mashine isingekuwa na maneno. Pasipo Komora maneno yasingefika. Pasipo Hajillo watu wasingeinuka, na wito huohuo ndio uliomwacha Mwakio. Je, ninyi mngempa mtoto jina la nani?

Aliyenisimulia kwanza kisa hiki ni Habona mwenyewe. Mtoto alikuwa mapajani pake, amekwisha kuota meno, na mama yake bado alimwita Mtoto tu.