Mkanda wa Prinsi

Si zamani, ni juzi juzi tu, Bwana Ndosi alimnunulia mbwa wake Prinsi mkanda wa shingoni wenye GPS, unaoonyesha kwenye simu kila anapokwenda, asije akapotea. Chenga, mtunza bustani, alimtazama mbwa yule mnene kama gunia la mkaa. Apotee aende wapi?

"Kila saa kumi nikienda kikaoni, wewe mtembeze kilomita sita," Ndosi alimwamuru. "Jumamosi mama atasoma simu mbele yetu. Zikipungua, huna kazi."

"Na simu ikikosea, Bosi?"

"Mbumbumbu we! Kidude hiki hakijui uongo."

"Mama, umesikia?" Chenga aliuliza kwa adabu.

"Nimesikia," alijibu Mama Ombeni, mkewe Ndosi.

Jumamosi ilipofika, mama alishika simu. "Jumatatu saa kumi, Prinsi alikwenda Mtaa wa Mikoroshini, nyuma ya saluni. Akakaa hapo masaa mawili. Jumanne, hapo hapo. Jumatano, hapo hapo. Chenga, kuna nini huko?"

"Mimi sipajui, Mama. Labda Bosi."

Ndosi alilowa jasho. "Kidude kibovu hiki! Kinadanganya! Chenga hana kosa, aendelee na kazi yake!"

"Mbona unamtetea upesi hivyo?" mama aliuliza, akivua miwani taratibu.

Chenga hakungoja jibu. Alikwenda kwenye gari la Bosi, akauchomoa mkanda chini ya kiti, akamvisha Prinsi, ambaye wiki nzima hakuwa amevuka geti.